Je, ulimwengu una mwisho, na nje yake kuna nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujitokeza kila panapozungumzwa habari za nyota: darasani, kwenye magrupu ya WhatsApp, hata barazani usiku umeme unapokatika na watu wakabaki wanatazama juu. Nimeyapanga jinsi yanavyofuatana katika mazungumzo. Mengine jibu lake ni sentensi mbili, mengine yanataka subira.

Nipe jibu la haraka: una mwisho au hauna?

Haijulikani. Ila kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na ukiyatenganisha nusu ya ubishi inaisha. Kuna sehemu ya ulimwengu tunayoweza kuiona, na kuna ulimwengu wote. Sehemu tunayoiona ina mwisho, tena kipimo chake kinajulikana: kutoka hapo ulipo inakwenda takriban miaka nuru bilioni 46 kila upande, yaani kipenyo cha bilioni 93 hivi. Mwaka nuru mmoja ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka, kama kilomita trilioni 9.46. Ulimwengu wote karibu kila mtaalamu anaamini ni mkubwa kuliko hapo. Kwa kiasi gani, ndipo penye ubishi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: vipimo vya sasa vinaruhusu ulimwengu usio na mwisho, lakini hakuna kipimo kitakachoweza kuuthibitisha. Ulimwengu wenye mwisho, kinyume chake, unaweza kuthibitishwa siku yoyote. Sababu iko mbele kidogo.

Umri ni miaka bilioni 13.8, halafu tunaona umbali wa bilioni 46? Hesabu hiyo imekaaje?

Imekaa sawa, ila inataka ukumbuke kwamba anga lenyewe linatanuka mwanga ukiwa njiani.

Mwanga wa kale kuliko wote tunaoupokea leo ulianza safari ulimwengu ukiwa na umri wa miaka 380,000 tu. Wakati ule, mahali ulipotoka palikuwa kama miaka nuru milioni 42 kutoka hapa petu. Kwa viwango vya anga, ni jirani wa mlango wa pili. Tangu hapo umbali wote wa ulimwengu umeongezeka mara 1,100 hivi. Mwanga ukawa unakimbia kilomita karibu 300,000 kwa sekunde huku njia iliyo mbele yake ikirefuka na iliyo nyuma yake ikirefuka zaidi. Ulipotufikia ulikuwa umetumia miaka bilioni 13.8, na ile sehemu ulikotoka sasa iko bilioni 46 mbali nasi.

Ndiyo maana ukisoma kwamba darubini ya anga ya James Webb imeona galaksi (kundi kubwa mno la nyota) iitwayo JADES-GS-z14-0, iliyotangazwa mwaka 2024, ikiwa kama ilivyokuwa miaka milioni 290 baada ya Mlipuko Mkuu (Big Bang, yaani mwanzo wa kutanuka kwa ulimwengu), usifikiri iko miaka nuru bilioni 13 na ushei. Leo iko zaidi ya mara mbili ya hapo.

Nikifika huko kwenye ukingo wa bilioni 46 nitakuta nini? Ukuta?

Utakuta galaksi, nyota, gesi, pengine sayari. Ukingo ule ni mpaka wa macho yetu. Hapakuwekwa kitu chochote pale. Mtu aliye huko akitazama upande wetu, haoni Dunia wala Jua; anaona mvuke wa moto uliokuwepo hapa kabla nyota ya kwanza haijawaka, na kwake yeye sisi ndio tuko ukingoni. Yeye naye ana bilioni 46 zake kila upande, na sehemu yake kubwa sisi hatujawahi kuiona.

Swali hili ni la kale. Archytas wa Tarentum, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliuliza: nikisimama mwisho wa ulimwengu, nitaweza kunyoosha mkono au fimbo yangu nje, au sitaweza? Nikiweza, basi pale si mwisho. Nisipoweza, kuna kitu kinanizuia, na kitu hicho kiko wapi? Kwa karne nyingi wako waliodhani hoja hiyo imemaliza kesi. Haikumaliza, kwa sababu inachukulia kwamba kitu chenye kikomo lazima kiwe na ukingo.

Huo mwanga wa kale nani aliuona?

Waliusikia, tena bila kuutafuta. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa wakitumia antena kubwa yenye umbo la pembe huko Holmdel, New Jersey, nchini Marekani. Kila walipoielekeza ilitoa mvumo hafifu usioisha: mchana, usiku, majira yote, pande zote za anga. Wakashuku jiji la New York. Wakashuku waya. Ndani ya antena walikuta njiwa wamefanya makazi na kinyesi chao kimetapakaa. Wakawaondoa na kusafisha. Mvumo ukabaki palepale.

Ulikuwa mnururisho uliobaki kutoka wakati ulimwengu ulipopoa kiasi cha kupitisha mwanga. Wakati ule joto lilikuwa nyuzi 3,000 hivi. Leo limeshuka hadi nyuzi 2.7 tu juu ya sifuri kamili, yaani kama hasi 270 za Selsiasi, na mwanga wenyewe umenyooshwa ukawa mawimbi ya mikrowevu. Walitangaza mwaka 1965, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Kama ulikulia na televisheni ya antena ya juu ya bati, ulishauona: katika zile chenga za chaneli isiyo na matangazo, sehemu ndogo, kama asilimia moja, ilitokana na mnururisho huo. Wazazi wakawa wanatutuma nje kuzungusha mlingoti.

Huu ndio ukuta wa kuona kwetu. Nyuma yake ulimwengu ulikuwa na moto na ukungu mzito kiasi kwamba mwanga haukuweza kupenya.

Ulimwengu unapanuka ndani ya nini?

Hili ndilo swali linalorudi kuliko yote, na ndilo linaloachiwa majibu ya ovyo kuliko yote. Watu huonyeshwa picha ya kitu kinachovimba chumbani, kisha wanaambiwa wasikiulizie chumba.

Tumia namba badala yake. Weka galaksi kwenye mstari: sisi tuko 0, jirani yuko 1, anayefuata 2, anayefuata 3. Sasa umbali wote uongezeke maradufu. Wa 1 yuko 2, wa 2 yuko 4, wa 3 yuko 6. Kwa muda uleule, wa kwanza amesogea hatua 1, wa pili 2, wa tatu 3. Aliye mbali zaidi anaonekana kukimbia zaidi, ingawa hakuna aliyekimbia. Ndicho alichokikokotoa padri na mwanafizikia wa Ubelgiji, Georges Lemaître, mwaka 1927, na ndicho alichokionyesha Edwin Hubble mwaka 1929 kwa vipimo vya kituo cha darubini cha Mount Wilson, California. Leo tunajua kwamba kila unapoongeza umbali wa miaka nuru milioni 3.26, kasi ya kuachana inaongezeka kwa kilomita 70 hivi kwa sekunde. (Wengine wanapata 67, wengine 73, na ugomvi huo bado wa moto.)

Halafu urefushe mstari huo bila kikomo pande zote mbili. Zidisha kila namba kwa 2. Je, kuna namba yoyote iliyohitaji nafasi nje ya mstari? Hakuna. Mstari usio na mwisho unaweza kutanuka na bado ukabaki mstari uleule. Kwa hiyo "kutanuka" maana yake ni umbali wa ndani kuongezeka, na hesabu za Einstein hazidai chombo cha nje cha kupokea ongezeko hilo. Inawezekana nje ipo. Lakini kutanuka peke yake si ushahidi wake.

Mlipuko Mkuu ulitokea wapi?

Hapo ulipo. Na Bujumbura, na kwenye galaksi ya Andromeda. Rudia ule mstari wa namba: mwenye kusimama 2 naye anaona wenzake wote wanamkimbia yeye. Hakuna kitovu. Neno "mlipuko" limetuponza, linamfanya mtu afikirie bomu lililolipuka mahali fulani kwenye giza tupu.

Kitu kinawezaje kuwa na kikomo na kisiwe na ukingo?

Mfano wake unaukanyaga. Uso wa dunia una eneo linalopimika, kilomita za mraba milioni 510 hivi, lakini hakuna aliyefika mwisho wake akaanguka. Mwaka 1917 Albert Einstein alipendekeza anga lenye tabia hiyo kwa pande zote tatu: ujazo unaohesabika, kuta hakuna, na ukienda moja kwa moja bila kugeuka unarudi ulikoanzia. Alidhani pia anga hilo limetulia, na hapo alisahihishwa na wengine, akiwemo Mrusi Alexander Friedmann mwaka 1922. Wazo la kikomo bila ukingo limebaki.

Kuna namna ya pili, na kwangu ni tamu zaidi kwa kuwa haihitaji kujikunja. Wa rika langu wanaukumbuka mchezo wa nyoka kwenye Nokia 3310. Ukichagua uwanja usio na kuta, nyoka akitokea kulia anaingia kushoto. Akipotelea juu anachomoza chini. Skrini ni bapa kabisa, eneo lake halizidi kiberiti, na bado nyoka hana mahali pa kugonga. Ongeza upande wa tatu, mbele na nyuma, na umepata ulimwengu bapa wenye kikomo. Wanahisabati wameorodhesha maumbo kadhaa ya aina hii. Katika ulimwengu mdogo wa namna hiyo, mwenye darubini nzuri na subira ya kutosha angeweza kuona galaksi yetu yenyewe, ikiwa changa, upande wa pili wa anga.

Sasa umbo la anga limepimwaje, na hakuna aliyetoka nje kulitazama?

Kwa pembetatu. Shuleni tulifundishwa pembe zake tatu zinajumlika kuwa nyuzi 180. Hiyo ni kweli kwenye karatasi. Toka Nanyuki, ambako Ikweta inapita, elekea magharibi juu ya Ikweta robo ya mzunguko wa dunia, kilomita 10,000 hivi, utafika kaskazini mwa Brazil. Geuka kulia nyuzi 90, panda hadi Ncha ya Kaskazini. Geuka kulia tena nyuzi 90, shuka moja kwa moja, utarudi Nanyuki na kukutana na njia yako ya mwanzo kwa nyuzi 90. Jumla 270. Hukuhitaji kuruka angani kujua kwamba uso uliotembea juu yake umejikunja.

Pembetatu ya ulimwengu ni ndefu zaidi. Katika ule mnururisho wa kale kuna madoa ya joto na baridi, tofauti zake ni kama sehemu moja katika laki moja. Madoa hayo ni alama za mawimbi ya sauti yaliyopita kwenye mvuke wa moto kwa miaka 380,000, kwa hiyo ukubwa wake halisi unakokotoleka. Umbali wake tunaujua. Kinachobaki ni kupima pembe ambayo doa linachukua angani. Anga likiwa bapa, madoa makuu yachukue kama nyuzi 1, upana wa miezi mpevu miwili kwa pamoja. Likijikunja kama tufe, yaonekane makubwa zaidi. Likijikunja kinyume, kama tandiko la farasi, madogo zaidi.

Mwishoni mwa 1998 chombo cha BOOMERanG kilining'inizwa kwenye puto juu ya Antaktika, na matokeo yake yakatoka mwaka 2000: nyuzi 1 hivi. Setilaiti za WMAP na Planck zikarudia kwa usahihi mkubwa zaidi. Hesabu za Planck zikiunganishwa na ramani za galaksi zinasema mkunjo ukiwepo hauzidi sehemu chache katika elfu. Si wote walioridhika: mwaka 2019 Eleonora Di Valentino na wenzake walichapisha hoja kwamba data za Planck zikisomwa peke yake zinaegemea tufe. Wengi waliona ni bahati ya takwimu, lakini hoja haijazikwa.

Basi kama ni bapa, hauna mwisho. Si ndiyo?

Hapana, na hapa ndipo magazeti mengi huteleza. Mosi, nyoka wa Nokia ameshatuonyesha kwamba ubapa na kikomo vinaweza kukaa pamoja. Pili, kipimo hakisemi "mkunjo ni sifuri". Kinasema "mkunjo uko kati ya hapa na hapa, na sifuri imo ndani". Boresha chombo mara mia, ile nafasi itakuwa finyu mara mia, na bado itabaki nafasi. Tufe kubwa mno lenye mkunjo mdogo mno litajificha humo daima.

Ndiyo ile sababu niliyoahidi. Mtu anayedai ulimwengu una kikomo ana kitu cha kutafuta. Akipata mkunjo wa tufe uliozidi kosa la kipimo, hoja yake imepanda sana. Njia nyingine ni kutafuta picha zinazojirudia. Mwaka 1998 Neil Cornish, David Spergel na Glenn Starkman walieleza kwamba ulimwengu unaojizunguka wenye ukubwa wa kiasi ungeacha jozi za duara kwenye mnururisho wa kale, duara mbili pande tofauti za anga zenye mpangilio uleule wa madoa. Mwaka 2003 Jean-Pierre Luminet na wenzake walipendekeza umbo la nyuso 12 za pembetano, wakidai linaeleza upungufu fulani kwenye data za WMAP. Duara zikatafutwa. Hazikuonekana. Hata hivyo mwaka 2024 kundi la watafiti liitwalo COMPACT lilionyesha kwamba maumbo mengi bado hayajaondolewa, kwa kuwa utafutaji wa awali haukuyagusa yote.

Anayedai hauna mwisho hana cha kutafuta. Anasubiri tu mwenzake akose.

Nyota zikiwa hazina mwisho, mbona usiku ni giza?

Swali zuri kuliko linavyoonekana. Likijulikana kwa jina la Mjerumani Heinrich Olbers aliyeliandika mwaka 1823, kwa kweli Johannes Kepler alilitumia tangu 1610 kudai ulimwengu una kikomo. Hoja yake: nyota zikiwa zimetapakaa bila mwisho na zimewaka tangu milele, popote utakapoelekeza jicho, mwishowe litagonga uso wa nyota. Anga lote lingeng'aa kama Jua.

Jibu ni kwamba kinachokosekana hapa ni muda. Ulimwengu una umri, kwa hiyo mwanga wa nyota zilizo mbali mno haujapata wakati wa kutufikia, hata kama nyota hizo hazihesabiki. Giza la usiku linathibitisha kwamba hapakuwepo na nyota milele. Kuhusu ukubwa halisemi lolote. Na kwa macho ya mikrowevu usiku hauna giza hata kidogo. Kila upande unang'aa.

Kama hauna mwisho, kuna mimi mwingine huko?

Ukikubali masharti mawili, ndiyo. La kwanza, anga liendelee bila kikomo likiwa na mata iliyopangika kwa nasibu kama huku kwetu. La pili, idadi ya namna ambazo chembe zinaweza kupangika ndani ya nafasi yenye kikomo iwe yenyewe na kikomo, jambo ambalo fizikia ya kwantumu (fizikia ya vitu vidogo mno, kama atomu na chembe zake) inaliunga mkono. Hapo mipangilio inaisha na inaanza kujirudia. Mwaka 2003 Max Tegmark alikadiria umbali wa nakala yako ya karibu: andika 1 kisha fuatisha sufuri, na idadi ya hizo sufuri iwe yenyewe ni 1 yenye sufuri 28 mbele yake, katika mita.

Mimi hesabu hii naipenda kama onyo. George Ellis wa Chuo Kikuu cha Cape Town, mmoja wa wataalamu wakubwa wa fani hii kutoka bara letu, amekuwa akisema kwa miaka mingi kwamba neno "bila kikomo" likitumiwa kama namba kubwa tu linatuzalishia vituko. Namwunga mkono. Ukiona hoja inakupeleka kwenye nakala yako inayosoma maandishi haya kwa lugha hii hii, angalau kagua sharti la kwanza. Halijapimwa na mtu.

Na ulimwengu mwingine nje ya huu?

Tenganisha mambo matatu, maana watu huyatia kapu moja.

Nje ya upeo wetu: galaksi zaidi. Hapa hakuna ubishi wa maana.

Nje ya Mlipuko wetu Mkuu: hapa ndipo nadharia ya mfumuko inapoingia. Alan Guth alipendekeza mwaka 1981 kwamba katika sehemu ndogo mno ya sekunde ya mwanzo, anga lilitanuka kwa kasi isiyosemeka, na hilo linaeleza kwa nini ni bapa na kwa nini pande zote zina joto moja. Andrei Linde na Alexander Vilenkin wakaonyesha kwamba katika matoleo mengi ya nadharia hiyo, mfumuko ukishaanza hauishi pote kwa pamoja. Unakoma hapa, unaendelea kule, na kila unapokoma panazaliwa ulimwengu kama wetu. Kama malimwengu mawili ya aina hiyo yamewahi kugusana, huenda pangebaki kovu la mviringo kwenye mnururisho wa kale. Watafiti wa University College London walilitafuta kwenye data za WMAP, wakatangaza mwaka 2011 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha.

La tatu ni wazo la Hugh Everett la mwaka 1957, kwamba kila tukio la kwantumu linagawa uhalisia. Hilo halihusu mahali. Huwezi kulisafiria kwa roketi yoyote, na filamu zinazolichanganya na la pili zinauza tiketi tu.

Nimeona video inasema tuko ndani ya shimo jeusi. Ni kweli?

Video hizo zilichochewa na makala ya mwaka 2025 iliyohesabu galaksi 263 kwenye picha za James Webb na kuona kama asilimia 60 zinazunguka upande mmoja, kana kwamba ulimwengu ulizaliwa ndani ya shimo jeusi linalozunguka. Mwandishi mwenyewe alitaja uwezekano mwingine wa kawaida zaidi, kwamba mzunguko wa galaksi yetu unaathiri vipimo. Galaksi 263 ni chache kwa dai zito kiasi hicho. Usiisambaze.

Kabla ya Mlipuko Mkuu kulikuwa na nini?

Hesabu zetu zinafika karibu sana na mwanzo kisha zinagoma, kwa sababu hakuna nadharia iliyokubalika ya kuunganisha nguvu ya mvutano na fizikia ya kwantumu. Kuna mapendekezo: mfumuko wa awali, wazo la Roger Penrose kwamba ulimwengu huenda kwa mizunguko, mmoja baada ya mwingine, wakati wenyewe kuwa na chanzo. Hakuna lililopita mtihani.

Dini zinasemaje?

Wanaoniuliza hivi mara nyingi hutarajia vita, na historia imechanganyika kuliko hivyo. Mwanafalsafa Al-Kindi, huko Baghdad karne ya 9, alitoa hoja za kihisabati kwamba hakuna mwili wowote unaoweza kuwa bila kikomo. Al-Ghazali aliandika kutetea kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo, na baada ya kifo chake Ibn Rushd akaandika kumjibu. Fakhr al-Din al-Razi, aliyefariki mwaka 1210, alishikilia kwamba nje ya ulimwengu huu kuna uwazi usio na mwisho, na kwamba Mungu anaweza kuumba humo malimwengu maelfu kwa maelfu. Upande wa pili, Giordano Bruno aliyefundisha malimwengu yasiyo na idadi alichomwa moto Roma tarehe 17 Februari 1600. Mashtaka yake mengi yalikuwa ya itikadi, na hilo la malimwengu lilikuwemo. Kisha Lemaître, padri, ndiye akawa baba wa Mlipuko Mkuu. Papa Pius XII alipoutaja mwaka 1951 kama unaoafiki uumbaji, Lemaître hakufurahi: alitaka fizikia iachwe isimame kwa miguu yake, na imani kwa yake.

Tunaweza kwenda kujionea?

Voyager 1, iliyorushwa mwaka 1977, ndicho chombo kilichofika mbali kuliko vyote: kama kilomita bilioni 25, mwendo wa kilomita 17 hivi kwa sekunde. Mwanga huumaliza umbali huo kwa karibu siku moja. Nyota ya jirani, Proxima Centauri, iko miaka nuru 4.24. Voyager 1 imebeba sahani iliyopakwa dhahabu yenye salamu za lugha 55. Kiganda kimo, na wimbo wa wasichana wa Kimbuti kutoka Ituri umo, lakini Kiswahili hakimo. Lawama tuwape waandaaji.

Kizuizi kikubwa zaidi si roketi. Mwaka 1998 iligunduliwa kwamba kutanuka kunaongeza kasi, na wagunduzi wakapewa Nobel mwaka 2011. Matokeo yake, galaksi iliyo mbali zaidi ya miaka nuru bilioni 16 au 17 hivi, mwanga inaoutoa leo hautatufikia kamwe. Zaidi ya asilimia 90 ya galaksi tunazoziona zimeshavuka mstari huo. Tunaona picha zao za zamani tu.

Afrika Mashariki imo kwenye habari hii?

Imo. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri nchini Kenya, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco la Waitaliano baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa ajili ya eksirei za anga, na ikapewa jina Uhuru. Miongoni mwa ilivyoviona ni gesi ya moto iliyojaa kati ya galaksi ndani ya makundi makubwa, ambayo leo hutumika kupima uzito wa makundi hayo. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipata Nobel mwaka 2002.

Kwa macho yangu tu, bila darubini, naweza kuona mbali kiasi gani?

Miaka nuru milioni 2.5, hadi galaksi ya Andromeda. Mwanga utakaouona ulikuwa umeshasafiri kama miaka laki saba wakati Zinjanthropus anatembea Oldupai. Subiri Novemba, usiku usio na mwezi, mbali na taa za mji, saa tatu hivi. Tazama kaskazini, karibu nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosi. Tafuta kwanza mraba mkubwa wa nyota nne wa Pegasus, fuata mstari wa nyota unaotoka kwenye kona yake ya chini kulia hadi nyota ya pili yenye kung'aa, Mirach, kisha shuka kidogo kuelekea upeo wa macho. Ni doa la ukungu, refu kidogo. Zima simu dakika 20 kabla, na kama una darubini ndogo ya macho mawili, beba. Rangi za kwenye picha usizitegemee.